Masjala ya Nyumbani: Somo la Kutunza Barua Pepe za Biashara

Barua ya biashara isiyojibiwa ni sawa na mteja aliyepiga hodi mlangoni akaondoka bila ya kuitikiwa. Tofauti ni kwamba apigaye hodi huenda akasikika na jirani, lakini aliyeandika barua pepe huondoka kimya kimya, na mwenye biashara huenda asitambue kamwe kwamba riziki ilimfikia mlangoni ikarudi.

Somo hili limekusudiwa wananchi wa Unguja na Pemba wanaoendesha biashara majumbani mwao: washonaji, wapishi wa keki na halua, watengenezaji wa sabuni na mafuta, wasusi wa ukili na wenye vyumba vya kukodisha wageni. Aidha, linawahusu watumishi wa umma wenye shughuli halali za kujiongezea kipato baada ya saa za kazi. Linaeleza namna ya kupokea, kupanga, kujibu na kuhifadhi barua pepe bila ya kazi hiyo kumeza siku nzima.

1. CHANZO CHA TATIZO

Mfano uchukuliwe wa mama anayetengeneza sabuni za mwani nyumbani kwake Bwejuu. Asubuhi ya Jumatatu, mchanganyiko wa sabuni ukiwa mbele yake na mikono ikiwa na mafuta, simu inalia kuashiria kwamba barua imeingia. Anaifuta mikono, anaifungua barua kwa haraka na kusoma kwamba hoteli moja inauliza bei ya sabuni 400, na inataka jibu kabla ya Jumatano. Anasema moyoni kwamba atajibu akimaliza kukoroga. Jioni anaporudi katika simu anakuta barua nyengine nyingi zimeingia juu yake: matangazo, salamu za ndugu walioko nje, taarifa za benki. Ile ya hoteli imeshuka chini, na haina tena herufi nzito, kwa kuwa imekwisha kufunguliwa. Anapoikumbuka siku ya Alhamisi, hoteli imekwisha kununua kwengine.

Mama huyu hakuwa mvivu, wala hakuidharau barua. Kosa limetokana na jambo moja dogo ambalo watumiaji wengi hawalitilii maanani: simu na kompyuta huonyesha barua iliyosomwa na isiyosomwa, lakini hazionyeshi kwa uwazi huo huo barua ambayo haki yake haijatimizwa. Barua ikifunguliwa mara moja tu, machoni huonekana kama kazi iliyokwisha. Kusoma barua na kuimaliza barua ni kazi mbili mbali mbali, na mwenye kuzichanganya hupoteza zote mbili.

2. MASJALA INAFUNDISHA NINI

Kila mtumishi wa umma anaufahamu mwenendo wa masjala. Barua inayoingia ofisini hugongwa muhuri wa tarehe, huandikwa katika daftari la barua zinazoingia, hutiwa katika jalada linalohusika, kisha jalada hupelekwa kwa ofisa mwenye dhamana. Ofisa huandika maoni au uamuzi wake, jibu hutayarishwa likiwa na kumbukumbu namba, na nakala hubaki jaladani. Jambo ambalo halijaisha huwekewa tarehe ya kurejeshwa mezani, ili lisisahauliwe.

Wapo wanaoiona taratibu hiyo kuwa ni nzito. Lakini nguvu ya masjala haiko katika karatasi wala mihuri, bali katika mgawanyo wa kazi: anayepokea barua siye anayeijibu, na anayeijibu siye anayeihifadhi. Kila mmoja hufanya jambo moja kwa utulivu, na barua haiwezi kupotea baina yao bila ya kuacha alama.

Katika biashara ya nyumbani mtu ni mmoja. Yeye ndiye tarishi, ndiye karani wa masjala, ndiye ofisa mwenye uamuzi, na ndiye mwenye kuangalia chungu jikoni na watoto wakirudi skuli. Hawezi kugawa kazi kwa watu, kwa hiyo hana budi kuigawa kwa wakati. Hilo ndilo shina la somo hili: pawe na wakati wa kupokea na kupanga, pawe na wakati wa kujibu, na pawe na wakati wa kufunga masjala. Yafuatayo yote ni matawi ya shina hilo.

3. ANWANI MAHSUSI YA BIASHARA

Mwaka 1971, mhandisi wa Marekani Ray Tomlinson alituma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyengine kupitia mtandao wa ARPANET, na akachagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta anakopokelea barua. Anwani ya barua pepe hadi leo hujibu maswali mawili: ni nani, na yuko wapi. Ni kama jina na Sanduku la Posta katika bahasha.

Inafaa biashara iwe na anwani yake yenyewe, isiyochanganywa na ile ya salamu za jamaa, skuli za watoto na matangazo. Jina la anwani liwe fupi, litamkike kwa urahisi katika simu na lielekeze kwenye biashara. Anwani yenye tarakimu nyingi au majina ya utani humtia mteja mashaka, na pia hukosewa anapoinakili kutoka kwenye kibandiko cha bidhaa.

Mtumishi wa umma asitumie anwani aliyopewa na Serikali kwa shughuli zake binafsi. Anwani hiyo ni mali ya ofisi kama ilivyo karatasi yenye nembo, na mteja anayeandikiwa kwayo anaweza kudhani kwamba biashara ile inaungwa mkono na Serikali. Zaidi ya hayo, mtumishi akihama au kustaafu, anwani hubaki nyuma pamoja na barua zote za wateja wake.

Ikiwa barua husomwa katika simu na pia katika kompyuta, mpango wa kupokelea uwe ni ule unaojulikana kwa herufi IMAP, ambao huziacha barua katika hifadhi kuu na kuonyesha hali ile ile katika vifaa vyote. Mpango wa zamani wa POP mara nyingi huziteremsha barua katika kifaa kimoja na kuziondoa katika hifadhi, na kifaa hicho kikiharibika, barua hupotea pamoja nacho.

4. SAA ZA KUFUNGUA MASJALA

Kulia kwa simu si amri. Mwenye biashara anayeitikia kila mlio huacha kazi ya mikono kila mara, na akirudi kwayo huhitaji muda wa kukumbuka alipofikia. Watafiti Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, nchini Canada, walichapisha mwaka 2015 matokeo ya uchunguzi uliowahusisha watu wazima 124. Katika wiki moja watu hao walitakiwa kuangalia barua pepe mara 3 tu kwa siku, na katika wiki nyengine waliachwa waangalie wapendavyo. Ilibainika kwamba katika wiki ya mara 3 msongo wa mawazo ulipungua.

Kwa mkaazi wa visiwa hivi, mara 3 hizo zinaweza kupangwa kwa kufuata saa za wateja wake. Zanzibar iko mbele ya Ujerumani kwa saa 2 wakati wa baridi yao, na kwa saa 1 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo ofisi inayofunguliwa huko saa 3 asubuhi, huku inakuwa saa 5 au saa 4. Oman, kwa upande mwengine, iko mbele ya Zanzibar kwa saa 1. Mpango ufuatao unawafaa wote:

(a) Saa 2 asubuhi: barua zilizoingia usiku, na zile za Oman ambako kazi imekwisha kuanza.

(b) Saa 6 mchana, kabla ya Adhuhuri: barua za asubuhi kutoka hoteli na ofisi za hapa nchini, na za mwanzo kutoka Ulaya.

(c) Saa 10 na nusu, baada ya Alasiri: majibu ya mwisho, wakati ofisi za Ulaya bado zimo kazini na zinaweza kuyasoma siku hiyo hiyo.

Siku za mapumziko nazo zizingatiwe. Nchini Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, ambapo Ulaya ni Jumamosi na Jumapili. Umoja wa Falme za Kiarabu ulihamishia mapumziko ya ofisi zake za Serikali kwenye Jumamosi na Jumapili, pamoja na nusu ya Ijumaa, kuanzia Januari 2022. Bei iliyotumwa Muscat jioni ya Alhamisi isitarajiwe kusomwa kabla ya Jumapili.

Baina ya saa hizo 3, mlio wa barua pepe uzimwe. Mteja mwenye jambo la dharura atapiga simu, mradi nambari yake imeandikwa chini ya kila barua.

5. KILA BARUA NA HUKUMU YAKE

Masjala ikifunguliwa, barua zipitiwe moja moja kuanzia ile ya zamani zaidi, na isifungwe hata moja bila ya kupewa hukumu. Hukumu ni 4 tu:

(i) Kufutwa. Matangazo na taarifa zisizohusika zifutwe papo hapo. Tangazo linalorudi kila wiki lifutiwe usajili, ili kazi ifanywe mara moja na si kila wiki.

(ii) Kujibiwa sasa. Mwandishi wa Marekani David Allen, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu kupanga kazi, alieneza kanuni ya dakika 2: jambo linaloweza kumalizika ndani ya muda huo lifanywe wakati huo huo, kwa sababu kuliandika na kulirudia kutachukua muda mrefu zaidi.

(iii) Kuwekewa tarehe. Barua inayohitaji hesabu, picha au shauri la mtu mwengine itiwe alama ya nyota na iandikwe katika daftari. Daftari la kawaida la skuli linatosha, likigawiwa safu 5: tarehe ya kupokea, jina la mwandishi, jambo analotaka, siku ya mwisho ya kumjibu, na siku aliyojibiwa. Safu ya tano ikiwa tupu, jambo halijaisha, hata kama barua imesomwa mara kumi.

(iv) Kuhifadhiwa. Risiti, mikataba na makubaliano ya bei yatiwe katika majalada yake. Majalada yasizidi machache: Wateja, Wauzaji wa Malighafi, Fedha na Kodi, Serikali na Vibali. Wenye kufungua majalada 30 hupoteza muda wakitafuta jalada badala ya barua.

Barua inayohitaji muda ipewe walao jibu fupi la kukiri kwamba imepokelewa, likitaja siku ambayo jibu kamili litatoka. Kama mama wa Bwejuu angeliandika maneno mawili matatu, "Barua yako imefika, bei utaipata kesho jioni," hoteli ingelingojea. Mteja husubiri jibu lenye tarehe. Asichoweza kusubiri ni kimya.

Kwa biashara nyengine, kila siku inayopotea ina gharama ya pili. Sabuni inayotengenezwa bila ya kupikwa huhitaji kuachwa wiki 4 hadi 6 ikauke na kukomaa kabla ya kuuzwa. Siku 3 zilizopotea katika kujibu barua ni siku 3 ambazo hazitapatikana tena katika kukausha sabuni, na muhula wa mteja haubadiliki.

6. NAMNA YA KUANDIKA JIBU

Barua rasmi ya Serikali hubeba neno "YAH" juu ya maelezo yake, ili msomaji ajue jambo kabla ya kulisoma. Barua pepe nayo ina mstari wake wa mada, ambao wengi huuacha mtupu au huandika "Habari" tu. Mstari huo ndio utakaotafutwa baada ya miezi 6 pale panapotokea mzozo wa bei. Uandikwe kwa ukamilifu: jambo, idadi na mwezi. Likizuka jambo jipya na mteja huyo huyo, ianzishwe barua mpya yenye mada mpya, kama inavyofunguliwa jalada jipya.

Mfano wa jibu lililokamilika ni huu:

"Yah: Bei ya Sabuni za Mwani 400 kwa Mwezi wa Agosti.

Ahsante kwa barua yako ya tarehe 2 Juni. Bei ya sabuni moja ya gramu 100 ni shilingi 4,000. Kwa sabuni 400 jumla ni shilingi 1,600,000. Sabuni zitakuwa tayari tarehe 25 Julai na zitaletwa hotelini. Arubuni ni nusu ya bei, yaani shilingi 800,000. Bei hii itadumu hadi tarehe 12 Juni. Tafadhali nijulishe iwapo unakubali idadi, bei na tarehe zilizotajwa."

Jibu hilo ni fupi, lakini linafunga maswali yote ambayo yangezaa barua nyengine 4 au 5: kiasi gani, lini, wapi, arubuni ngapi, na hadi siku gani. Barua zenye majibu yanayofanana zihifadhiwe kama vielelezo katika rasimu, na kila mara zibadilishwe jina, idadi na tarehe tu. Hata hivyo, kielelezo kisomwe tena kabla ya kutumwa, kwani mteja anayeitwa kwa jina la mteja mwengine hujua kwamba hakuthaminiwa.

Tahadhari mbili zinawahusu khasa waandishi wa Kiswahili. Kwanza ni saa. Mswahili husema saa 3 asubuhi, na mgeni huandika saa 9 kwa wakati ule ule. Mteja wa nje aandikiwe kwa mtindo wa saa 24, yaani 09:00, na neno "saa za Zanzibar" liongezwe. Pili ni tarehe. Tarakimu 03/04 kwa Mzanzibari ni tarehe 3 Aprili, na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Jina la mwezi liandikwe kwa herufi, na hapo hapatakuwa na mzigo uliofika mwezi mmoja baada ya wakati wake.

Chini ya kila barua pawe na jina la mwandishi, jina la biashara, kijiji au mtaa na nambari ya simu. Maneno hayo yaandikwe mara moja katika mpangilio wa anwani ili yajiongeze yenyewe.

7. PICHA NA VIAMBATISHO

Bidhaa huuzwa kwa picha, na picha ndizo zinazozuia barua zisende. Huduma ya Gmail, kwa mfano, haipokei kutuma kiambatisho kinachozidi megabaiti 25. Inafaa pia kufahamu kwamba faili likiambatishwa hugeuzwa kuwa maandishi ili lisafiri, na mageuzi hayo huliongezea ukubwa kwa takriban thuluthi moja. Picha 5 zilizotoka moja kwa moja katika kamera ya simu zinaweza kukifikia kikomo hicho.

Picha zipunguzwe ukubwa kabla ya kutumwa hadi kila moja iwe kilobaiti mia chache. Hiyo inatosha kabisa kwa kuangaliwa katika kioo. Kufanya hivyo ni kuokoa kifurushi cha mtumaji na cha mpokeaji. Orodha ya bei nayo itumwe katika faili la PDF, ambalo huonekana kwa namna moja katika kila kifaa, na lipewe jina lenye tarehe ili bei ya zamani isidaiwe kwa makosa.

8. BARUA TAKA NA BARUA ZA ULAGHAI

Mwaka 1978, Gary Thuerk, mtu wa mauzo katika kampuni ya kompyuta nchini Marekani, alituma tangazo moja kwa watu takriban 400 wa mtandao wa ARPANET ambao hawakuliomba. Tangazo hilo huhesabiwa kuwa ndilo barua taka ya kwanza. Mwenye biashara ya nyumbani anapaswa kujilinda na barua za aina hiyo, na pia asiwe mtumaji wake. Orodha ya bei ipelekwe kwa walioiomba tu. Inapopelekwa kwa wengi, anwani zao zitiwe katika sehemu ya nakala fiche, ili mteja mmoja asizione anwani za wengine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeugusa pia utumaji wa ujumbe usioombwa.

Jalada la barua taka lenyewe lipitiwe walao mara moja kwa wiki, kwani barua ya kwanza ya mteja mgeni wakati mwengine huangukia humo kwa makosa.

La hatari zaidi ni ulaghai wa malipo. Mama wa Bwejuu, kwa mfano, hununua vifungashio kutoka kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Siku moja anapokea barua yenye jina la mfanyabiashara yule, ikitaja oda yake halisi, na kusema kwamba akaunti ya benki imebadilika na malipo yapelekwe kwengine leo hii. Barua kama hiyo huandikwa na mtu aliyeingia kwa siri katika anwani ya mmoja wao akasoma mazungumzo yao. Nchini Marekani pekee, ofisi ya FBI inayopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandao iliripoti kwamba hasara iliyotokana na ulaghai wa barua pepe za biashara katika mwaka 2023 ilizidi dola bilioni 2.9.

Kinga yake ni hizi:

(a) Badiliko lolote la akaunti lithibitishwe kwa kupiga simu, kwa nambari iliyokuwa ikijulikana tangu zamani na si ile iliyoandikwa katika barua yenyewe.

(b) Anwani ya mtumaji isomwe herufi kwa herufi. Herufi r na n zikikaribiana huonekana kama m, na walaghai hulitumia jambo hilo.

(c) Neno la siri la anwani ya biashara lisitumike mahala pengine popote, na uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe. Simu ambayo watoto huichezea iwe na kufuli yake.

(d) Haraka ni dalili. Barua inayomtaka mtu alipe kabla ya kuuliza ndiyo inayostahiki kuulizwa zaidi.

9. UMEME AU MTANDAO UKIKATIKA

Wakaazi wa Unguja hawajasahau mwezi wa Mei 2008, umeme wa kisiwa ulipokatika kwa takriban mwezi mmoja, wala kiza cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kilichodumu takriban miezi 3. Mtandao nao una mishipa yake chini ya bahari: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na huduma za intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani zikadorora.

Masjala nzuri hufanya kazi hata mlango ukifungwa. Barua zinaweza kusomwa na majibu kuandikwa bila ya mtandao, yakabaki katika sanduku la zinazotoka na kuondoka zenyewe mtandao unaporudi. Lile daftari la safu 5 halihitaji umeme. Majina na nambari za simu za wateja wenye oda zilizo wazi ziwemo humo. Aliye na daftari atapiga simu kueleza hali ilivyo, na ambaye kila kitu kimo katika kioo kilichozimika hatakuwa na la kufanya ila kungoja.

10. KUFUNGA MASJALA

Biashara ya nyumbani haina kengele ya kutokea kazini, na kwa sababu hiyo huingia kitandani pamoja na mwenyewe. Baada ya kipindi cha tatu daftari liangaliwe kwa mara ya mwisho, safu ya tano ikaguliwe, na masjala ifungwe hadi kesho. Barua iliyoingia saa 4 usiku itapata jibu bora zaidi asubuhi, na watu wa nyumbani nao wana haki yao.

Kila Alkhamisi jioni, au siku yoyote itakayochaguliwa, nusu saa itengwe kwa ajili ya kupitia jambo lolote lililobaki wazi, kumkumbusha mteja ambaye hajajibu, na kunakili barua muhimu za fedha mahala pengine pa hifadhi.

ZOEZI

Msomaji anashauriwa kufanya yafuatayo katika wiki moja ijayo:

1. Atafute katika sanduku lake barua zote za mwezi uliopita zilizofunguliwa na hazikujibiwa, na azihesabu.

2. Aziandike katika daftari la safu 5, na awajibu waandishi wake hata kama ni kwa kuomba radhi.

3. Azime mlio wa barua pepe kwa siku 3, afungue masjala kwa saa 3 zilizotajwa, na aangalie kama kuna mteja yeyote aliyepotea.

4. Atayarishe vielelezo vya majibu 3 ambayo huyaandika mara kwa mara.

Ikumbukwe kwamba mteja wa mbali haioni nyumba, haoni mikono inayofanya kazi, wala haonji harufu ya sabuni ikiwa inakauka. Anachokiona ni barua tu. Kwa namna na wakati atakaojibiwa, ndivyo atakavyoipima biashara nzima.